Pua ya Mkono Mwepesi

Katika wodi ya upasuaji ya wanaume, hakuna aliyemwita muuguzi yule kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wote walimwita Mkono Mwepesi, kuanzia daktari bingwa hadi mama wa kufagia. Kazi yake ilikuwa kusafisha na kufunga vidonda, na jina hilo lilimkaa kwa sababu bandeji aliyoitoa yeye haikuuma. Wengine walibandua kama mtu anayechuna ngozi ya mbuzi. Yeye aliilowesha kwanza maji ya chumvi, akaisubiri, kisha akamtupia mgonjwa swali la kumzubaisha: “Hivi mzee, siku mkeo alipokuona mara ya kwanza, ulikuwa umevaa shati gani?” Mgonjwa akiwa bado analitafuta shati hilo kichwani, bandeji ilikuwa imeshatoka.

Basi wagonjwa walimgombania kama abiria wanavyogombania kiti cha dirishani. Akitokea muuguzi mwingine na sinia la vifaa, walijifanya wamelala. Wengine walikubali kukaa na bandeji ya jana hadi zamu yake ifike. Mkono Mwepesi aliyajua yote hayo, na ukweli usemwe, kichwa kilikuwa kimeanza kumvimba. Alikuwa akitembea wodini polepole, kifua mbele, kama bwana harusi anayetafutiwa kiti.

Alikuwa na tabia moja tu ndogo. Kila alipofikiri jambo, aliisugua pua yake kwa mgongo wa mkono. Mkewe alidhani ni mafua yasiyokwisha. Mwenyewe alidhani ni ishara ya akili nyingi.

Mambo yalianza kuharibika wakati vidonda vilipogoma kupona. Kwanza ni kijana wa kidole tumbo, kisha mzee wa ngiri, halafu refa.

Refa huyu alikuwa mstaafu wa mpira wa miguu, mwembamba, mrefu, aliyevunjika mguu kwa kuanguka kwenye ngazi za nyumba yake mwenyewe. Alikuja na filimbi yake shingoni na akakataa katakata kuivua. Daktari akichelewa kuja kumwona, alipiga filimbi. Uji ukija baridi, alipiga filimbi. Mkono Mwepesi ndiye pekee aliyepita kando ya kitanda kile bila kupigiwa filimbi, kwa kuwa Refa alimpenda mno.

Mguu wa Refa ulifanyiwa upasuaji vizuri, ukawekewa chuma, ukashonwa. Baada ya siku chache kidonda kikawa chekundu, kikavimba, kikaanza kutoa usaha. Akapewa dawa iliyozoeleka. Kidonda kikazidi. Akapewa nyingine. Kidonda kikawa kana kwamba kimeongezewa chakula.

Hapo ndipo alipoitwa Daktari Pamba. Alikuwa daktari wa maabara, mwanamke mdogo wa umbo na mwingi wa maswali, na jina hilo alipewa kwa sababu alitembea na vijiti vya pamba mfukoni kama watu wengine wanavyotembea na kalamu. Alichukua usaha wa wagonjwa wote watatu, akaenda nao, na aliporudi uso wake ulikuwa hauna mzaha.

“Ni vijidudu vya aina moja,” aliwaambia wauguzi aliowakusanya kwenye chumba cha chai. “Na ni sugu. Dawa tulizozoea vinazila kama pipi. Zimebaki dawa mbili tatu tu za kuviua, nazo ni kali na hupitia kwenye dripu. Sasa nataka kujua vinakaa wapi. Nitawapima wote, wagonjwa na nyinyi pia.”

“Sisi si tunanawa?” akauliza muuguzi mmoja.

“Sijasema hamnawi. Vinapenda kukaa puani. Pua huwa hainawi.”

Siku ya kupimwa pua ilikuwa kama sikukuu. Watu walijipanga ukutani, wakichekana. Kijiti kikiingia, mmoja alipiga chafya, mwingine alilia machozi, daktari bingwa wa mifupa, mtu mzima mwenye ndevu, alirudi nyuma kama ng’ombe aliyeona josho. Mkono Mwepesi ndiye aliyeongoza utani. Zamu yake ilipofika, aliinua kidevu juu akasema kwa sauti, “Daktari, ukikuta dhahabu humo ndani, ni yangu.”

Wakacheka wote. Daktari Pamba naye akacheka.

Baada ya siku mbili alimwita kwenye ofisi yake, chumba chembamba kilichobanwa kati ya stoo ya mashuka na lifti.

“Kaa,” akamwambia.

“Nimezoea kusimama, daktari.”

“Leo kaa.”

Akakaa.

“Vile vijidudu vya kwenye vidonda, tumevipata puani mwako.”

“Puani mwa nani?”

“Mwako.”

“Mimi siumwi.”

“Huumwi, na pengine hutaumwa. Umevibeba tu. Vimekaa kimya kama wapangaji wasio na matata. Lakini ukijigusa pua halafu ukagusa kidonda cha mtu, vinahama nyumba.”

Mkono Mwepesi alitaka kufikiri kidogo juu ya jambo hilo, na alipozinduka akakuta mgongo wa mkono wake uko kwenye pua. Akaushusha taratibu, akaukalia.

“Kwa hiyo ni mimi niliyewaharibia wale watu vidonda?”

“Sijui,” alisema Daktari Pamba, na alisema kwa upole. “Labda wewe umewapa wao, labda mmoja wao amekupa wewe. Kuna wengine wodini wamekuja navyo kutoka nyumbani na hawana habari. Simtafuti wa kumtia hatiani. Natafuta mahali pa kuanzia.”

“Nipime tena.”

Akampima tena. Majibu yakawa yale yale.

Wodini akaondolewa hadi atibiwe. Akapelekwa mapokezi, kwenye dawati la mbele, avae barakoa na kuwaelekeza watu. Yule aliyekuwa akigombaniwa na wagonjwa, sasa kutwa nzima aliulizwa swali moja tu: choo kiko wapi. Alijikaza kisabuni. Lakini kila machela ilipopita na mtu aliyefungwa bandeji, shingo yake iliifuata hadi ilipokata kona, na moyoni akasema, tazama walivyomfunga, kama kifurushi cha nyanya.

Nyumbani aliishi na mkewe, mshonaji wa nguo, na mama wa mkewe. Watoto wake wawili, pacha, walikuwa shule ya bweni. Mama mkwe alihamia kwao mwaka uliopita baada ya kuvunjika nyonga na kulazwa hospitali nyingine kwa muda mrefu. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye masikio ya sungura na mdomo usio na kitasa. Yeye na mkwewe walistahiana sana. Hawakutazamana usoni, na walipotaka kuambiana jambo waliliambia kupitia kwa mshonaji, mke wa mmoja na binti wa mwingine, hata wakiwa wamekaa meza moja.

“Mama asijue,” Mkono Mwepesi alimwambia mkewe chumbani. “Akijua yeye, kesho mtaa mzima umejua.”

“Nitamwambia nini, Baba Pacha? Umeambiwa kila siku shuka zifuliwe kwa maji ya moto, mito ifuliwe, taulo zifuliwe. Mama ana macho.”

“Mwambie tumeamua kuwa wasafi.”

“Kwani mwanzo tulikuwa nini?”

Dawa yenyewe haikuwa ngumu. Mafuta ya kupaka puani asubuhi, mchana na jioni, na sabuni maalumu ya kuogea hadi kwenye nywele. Kazi ilikuwa kwenye kufua. Kila asubuhi mkewe alitoka na shuka mikononi, akazichemsha kwenye sufuria kubwa uani, akazianika. Mama mkwe alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango, akitazama. Siku ya kwanza akanyamaza. Ya pili akaguna. Ya tatu akamvuta binti yake kando, akashusha sauti iliyosikika hadi nyumba ya tatu.

“Mwanangu, usinifiche. Mumeo anakojoa kitandani?”

“Mama!”

“Si aibu. Babu yako alipochoka na kazi alikuwa hivyo hivyo. Ngoja.” Akainama kwa taabu, akavuta kutoka chini ya kitanda kopo la biskuti, akalifungua. “Mpe hivi viwili usiku, na viwili asubuhi. Hivi vyekundu na vyeusi ndivyo vikali.”

Mke wa Mkono Mwepesi akalichungulia kopo, akapigwa na butwaa. Lilikuwa limejaa vidonge. Vya rangi mbili, vya duara, vya njano, vingine kwenye karatasi zake, vingine vimemwagwa tu kama karanga. Mama yake, kila alipoandikiwa dawa, alimeza hadi alipojisikia nafuu, akaweka vilivyobaki. Jirani akiumwa jino, alimpa viwili. Mwingine akikohoa, alimpa kimoja na ushauri. Kumbe alikuwa na famasi chini ya kitanda, na wateja wake walikuwa wanaingia kwa mlango wa uani.

Kuliko mumewe aitwe kikojozi, hakukuwa na haja ya kuficha tena. Binti akamweleza mama yake yote: pua, vijidudu, wodi, dawati la mapokezi.

Mama mkwe akasikiliza mdomo wazi. Kisha akasema, “Bora angekuwa anakojoa.”

Mtaa ulijua kabla ya jua kuzama. Mwenye duka alimwekea Mkono Mwepesi sabuni yake mbali, ukingoni kabisa mwa kaunta, akairudisha mikono mfukoni. Kinyozi alimwuliza kama nywele pia zina kitu. Mkono Mwepesi akatabasamu nyuma ya barakoa, kwa mara ya kwanza akishukuru kwamba anayo.

Siku za dawa zilipokwisha alirudi kupimwa. Alikwenda amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi, kama mtu anayekwenda kuchukua cheti. Daktari Pamba akampigia simu baadaye. Vijidudu bado vipo.

“Haiwezekani,” alisema. “Nimejisugua hadi nimebadilika rangi.”

“Nani anaishi nawe nyumbani?”

Akamtajia.

“Mama mkwe amewahi kulazwa?”

Mkono Mwepesi akaihamishia simu sikio la pili. Alikumbuka mwaka uliopita, mama mkwe aliporudi na kidonda cha nyonga kirefu, kibichi, na yeye mwenyewe, mbele ya mkewe ili heshima isivunjike, akakifunga kila jioni kwa majuma mengi, kila mmoja akitazama upande wake wa ukuta.

Ilibidi aambiwe akapimwe. Mkwe hawezi kumwambia mama mkwe habari za pua yake. Hilo ni jambo la kumtuma mtu. Binti akatumwa. Mama mkwe akavaa gauni lake zuri, akaenda, akakaa kwenye benchi la hospitali, na hadi anaitwa ndani alikuwa ameshawasimulia wote benchini habari za mkwewe.

Binti alikutwa hana kitu. Mama mkwe alikuwa navyo tele, vile vile vya kidonda cha Refa.

“Kwa hiyo mimi ndiye mchafu?” alimwuliza Daktari Pamba. Sauti yake haikuwa ile ya kila siku.

“Hapana, bibi. Huu si uchafu. Ulilazwa muda mrefu, ukatumia dawa nyingi. Vijidudu dhaifu vikafa, vigumu vikabaki. Na yale makopo ya kubakiza vidonge,” alisema, maana binti alikuwa ameshamwambia, “ndivyo tunavyovifundisha vita. Ukivipiga nusu nusu, vinavyobaki ni vile vilivyokwisha kuijua dawa yako.”

“Na nani alimpa mwenzake? Mimi nilimpa yeye, au yeye alinipa mimi kwenye nyonga?”

“Hilo halijulikani.”

“Basi ni yeye,” alisema mama mkwe.

Kopo likasalimishwa. Alikubali kutoa vidonge lakini akagoma kutoa kopo lenyewe, akatia vifungo vya nguo. Jirani wa jino alipokuja na shavu limevimba, mama mkwe alimfungulia kopo, akamwonyesha vifungo, akamwambia aende kwa daktari wa meno kama watu wazima. Jirani akaondoka na hasira, lakini alikwenda.

Sasa ikawa wanatibiwa wote wawili kwa pamoja, na binti pia kwa tahadhari. Kila asubuhi walikaa uani, mama mkwe kwenye kiti chake, mkwe kwenye kigoda, wamegeuziana migongo kwa heshima, vichwa juu, pua zimejaa mafuta, kama kuku wanaomeza maji. Binti alisimama katikati na kupeleka maneno.

“Mwulize kama na yeye yanamwasha.”

“Mwambie mama, yananiwasha sana.”

“Mwambie asijisugue! Ndiko kulikotufikisha hapa.”

Na kwa namna hiyo walizungumza mengi kwa siku chache kuliko waliyozungumza mwaka mzima.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililokuwa limemkaa Mkono Mwepesi moyoni kama mwiba. Kijana wa kidole tumbo na mzee wa ngiri walikuwa wamepona wakaenda zao. Refa alikuwa bado, peke yake kwenye chumba cha pembeni, na dripu ya dawa kali mkononi. Mchana mmoja Mkono Mwepesi aliomba ruhusa, akanawa hadi viwikoni, akavaa joho, glavu na barakoa mpya, akaingia.

Refa alikuwa amekonda. Filimbi ilikuwa bado shingoni.

“Mzee, nimekuja kukwambia jambo. Kile kijidudu cha kwenye mguu wako, mimi ninacho puani. Huenda ni mimi niliyekupa.”

Refa akamtazama kwa muda mrefu, jicho moja limefumba kidogo, kama anayetafuta kama mpira ulivuka mstari.

“Ulijua?”

“Sikujua.”

“Ulikusudia?”

“Mzee, jamani!”

“Jibu swali.”

“Sikukusudia.”

Refa akaiweka filimbi mdomoni, akaipiga mara moja, fupi. Muuguzi wa zamu akachungulia mlangoni, akaondoka.

“Faulo ni faulo hata kama hukukusudia,” alisema. “Kadi ya njano. Mimi nimewahi kuwanyima watu penalti za haki kwa sababu jua lilinipiga machoni, na wakabeba msiba wao wakaenda nao nyumbani. Nawe beba wako kidogo, halafu uendelee kucheza.” Akausogeza mguu kwa taabu. “Sasa pona haraka. Huyu wanayeniletea siku hizi ananifunga kama anafungua kopo la samaki.”

Mkono Mwepesi akacheka, na machozi yakamlowesha barakoa, ikabidi atoke kwenda kuibadilisha.

Mguu wa Refa ukapona taratibu. Aliondoka kwa magongo, akipiga filimbi korido nzima. Na kipimo cha Mkono Mwepesi kikarudi safi. Alirudi wodini siku ya Jumatatu, na siku ile ile dereva mmoja wa lori, aliyechanwa mkono na bati, alimkazia macho.

“Wewe ndiye yule wa pua?”

“Ndimi.”

“Umenawa?”

Alikuwa amenawa dakika hiyo hiyo, mikono ilikuwa bado na maji. Akarudi kwenye sinki akanawa tena, huku dereva ameinua shingo kuhakikisha. Kifua cha Mkono Mwepesi siku hizi hakikutangulia sana alipotembea.

Kipimo cha mama mkwe kilichelewa. Kilipokuja, vijidudu vilikuwa bado vimo. Daktari Pamba alisema hutokea, hasa kwa mtu mzima aliyelazwa sana. Watampumzisha, kisha wajaribu tena. Mama mkwe aliipata habari hiyo, akaingia chumbani. Binti alipomfuata alimkuta anakunja nguo zake kwenye begi.

“Nakwenda kwa dada yako. Mkwe wangu amerudi kazini juzi tu. Sitamharibia tena.”

Binti akatoka kumwita mumewe. Mkono Mwepesi akasimama mlangoni. Akamtazama mkewe apeleke maneno, lakini mkewe akakunja mikono, akamwachia.

“Mama,” alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo moja kwa moja. Macho yake yalikuwa kwenye kona ya kabati. “Nimemwuliza daktari. Si lazima uhame. Kila mtu awe na taulo lake, tunawe, na mimi watanipima mara kwa mara. Vikirudi, nitapaka tena mafuta. Ukienda kwa shemeji utavipeleka tu kwa shemeji.”

“Huyo shemeji yako hana hata sabuni,” alisema mama mkwe, akiiambia kona ya pili ya kabati.

“Basi.”

Mama mkwe akakaa kitandani, begi limelala magotini. Akavuta pumzi ndefu. Kisha akaanza kutoa nguo moja moja.

“Taulo langu liwe jekundu,” alisema. “Na lisitundikwe karibu na la mtu. Na wewe, baba, usisimame hapo mlangoni, nitolee huo mto ukafuliwe.”